Ukurasa Wenye Jina Langu

Fundi alikuwa hakusalimii kabla hajaangalia viatu vyako. Akiona udongo mwekundu alijua umetoka njia gani, akiona oili alijua umekanyaga wapi, na ndipo aliponyanyua kichwa na kuitikia. Nilifanya kazi naye miaka mitatu katika yadi moja ya Mobeni, kule kusini kwa Wazulu, yeye upande wa injini, breki na gesi, mimi upande wa magodoro, mapazia na mazulia, na kwa muda wote huo sikumwamini hata siku moja. Nasema hivyo kwa aibu, kwa hiyo nitasema yote.

Yadi yenyewe ilikuwa ya magari-nyumba. Ni yale marefu yenye kitanda, jiko, friji na choo ndani, ambayo Wazungu waliostaafu hupanda wakaenda kulala milimani wiki tatu huku nyumba zao zimefungwa makufuli. Mimi lilinichekesha jambo hilo. Mtu ana vyumba vinne Westville, halafu anajinyima ili akalale kwenye kabati lenye magurudumu. Fundi hakucheka. Alisema gari la namna ile lina maradhi ya aina mbili, ya gari na ya nyumba, na maradhi ya nyumba hujificha zaidi. Ndiyo maana likahitaji daftari.

Daftari lilikuwa lake, alilinunua mwenyewe. Jalada jeusi, gumu, na kurasa zilikwenda mbili mbili na karatasi ya kaboni katikati. Ya juu, nyeupe, aliichana kwa rula akaitia kwenye bahasha iliyokaa ndani ya gari la mteja. Ya chini, ya manjano, ilibaki. Kila ukurasa aliupiga mstari katikati. Kushoto aliandika kichwa, Mwenye gari anasema. Kulia, Gari inasema. Chini kabisa, Mkono wa, yaani nani ameshika nini siku hiyo. Basi ungekuta kushoto mwenye gari anasema paa halijawahi kuvuja, na kulia gari inasema godoro limeota ukungu upande wa kichwani. Kushoto, matairi ni mapya. Kulia, matairi yana miaka saba, tarehe ya kiwandani iko ubavuni, nimeisoma kwa tochi. Hayo aliyaandika kwa Kiingereza chake cha kujifunza ukubwani, kwa sababu mteja alitakiwa kusoma na kutia sahihi. Lakini mistari mitatu ya mwisho ya kila ukurasa aliiandika kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, na katika yadi nzima mtu pekee aliyeweza kuisoma ni mimi.

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia. Mtu anaandika nini ambacho hataki bosi akisome?

Nilijifunza kusoma daftari lile kichwa chini, nikijifanya napima pazia mbele ya meza yake. Mara nyingi yalikuwa mambo ya ovyo. Harufu ndani ya gari ni ya mbwa na tumbaku. Bwana na bibi hawasemezani, bibi ndiye anajua friji ilianza kufa lini. Siku moja nikasoma, kwa herufi zake zilizosimama wima, kwamba leo iko mvua na mama wa mapazia hajakula. Mimi nisipokula kwamhusu nini, na kwa nini kuandikwe? Tangu siku hiyo nikawa nakula mchana nyuma ya tangi la maji.

Msinione nimerukwa na akili. Kibali changu kilikuwa cha mgeni wa kutembea, na kilikwisha muda wake tangu mwaka wa kwanza. Miaka ile polisi walikuwa wakikusimamisha njiani na kukuuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, ukikosea unapandishwa gari. Tulikuwa wanawake watano wa Kitanzania katika fleti moja ya Greyville, na mmoja wetu alitoka kwenda sokoni akiwa na kapu, habari yake ya pili tukaipata kwa simu kutoka Dar es Salaam. Katika hali hiyo, mtu mwenye kalamu ni wa kuogopwa kuliko mwenye rungu. Nilikwisha kumweka Fundi kwenye fungu lake, nikasema moyoni, huyu analipwa na watu fulani kwa kila jina.

Na mwenyewe hakunisaidia kumfikiria vingine. Aliyeandika habari za kila mtu hakutoa za kwake. Ukimuuliza kama ana mke, alijibu, "Iko." Watoto? "Beko," yaani wapo. Wako wapi? Alirudi chini ya gari. Hakuna aliyejua analala mtaa gani. Wazulu wa yadini walimwita Madala, mzee, wakamwachia nafasi kivulini, lakini nao walinyamaza akifungua daftari. Alilifungia kwenye droo kwa ufunguo uliokaa shingoni pamoja na msalaba wake, ilhali pochi yake aliitupa juu ya meza mchana kutwa, pembeni ya mkate. Alikataa neno la mteja yeyote kuhusu breki, kisha akamwambia bibi mmoja kwamba pazia zake za maua ya njano ni nzuri kupita zote alizowahi kuona, na pazia zile nilizijua, zilikuwa za kutisha. Tena hajawahi kulala ndani ya gari-nyumba hata moja. Alipokagua kitanda alipiga goti sakafuni, hakukikalia.

Alikuwa na msemo mmoja aliourudia mpaka tukamwigiza nyuma ya mgongo. "Kartasi ya leo ni kartasi. Kartasi ya kesho ni hadithi." Maana yake, kazi huandikwa siku ileile mikono ingali michafu, na ikipita siku usijifanye unakumbuka. Bosi alikuja kuujua msemo huo kwa uchungu. Mteja mmoja alitaka kuuza gari lake, na huduma ya mwaka mzima ilikuwa haijafanywa, basi bosi akamwomba Fundi aijaze tu, tarehe za nyuma, oili, chujio, mipira ya breki. Fundi alikataa. Bosi akapandisha sauti. Fundi alikaa juu ya sanduku lake la zana tangu asubuhi mpaka adhana ya mchana, mikono magotini, hadi bosi alipochoka akaenda kununua kitabu kingine na kujaza mwenyewe. Mimi nilipoona vile sikusema huyu ni mwaminifu. Nilisema huyu ana mgongo wa kuegemea, ndiyo maana hamwogopi bosi.

Lakini gesi alinifundisha yeye, na kwa hilo sina budi kumpa haki yake. Watu hudhani gesi hupanda juu kama moshi. Aliniita siku moja kwenye kisanduku cha mtungi, akamimina kikombe cha maji sakafuni, maji yakatafuta tundu dogo chini ya mtungi na kutoka nje. Akasema gesi inatembea vilevile, ni nzito, inashuka, na tundu lile ndilo mlango wake. Ukiuziba, inalala ndani pamoja na wenye gari. Alinifanya nirudie maneno hayo, kisha akaandika kwamba ameniambia. Nikachukia kwamba ameandika.

Baba yangu alifariki Tanga mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Simu iliingia kwenye duka la jirani, nikarudi yadini nikaendelea kushona, maana kwenda nyumbani maana yake ni kutorudi. Fundi alikuja akasimama mlangoni pa chumba changu cha cherehani, kofia mkononi. Akauliza jina langu kamili na la baba, akasema kanisani kwao Jumapili wanataja waliofiwa, hata wa dini nyingine, Mungu hachagui. Nilikuwa nimelegea kwa kilio, nikampa yote matatu. Alitikisa kichwa akaondoka. Usiku nililala macho wazi, si kwa ajili ya baba tu. Nilijiuliza ni mpelelezi gani angepata jina langu kwa urahisi ule.

Sasa nije kwenye gari la wazee wa Westville. Bwana na bibi, watu wa adabu, gari lao la zamani lakini limetunzwa. Walitaka zulia jipya na magodoro yashonwe upya. Siku ya kulichukua, yule bwana aliniita ndani akanionyesha tundu lile chini ya mtungi wa gesi. Vumbi la barabara za milimani linaingia hapa, alisema, kata kipande cha zulia ulifunike. Nikakataa. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, gesi ni nzito, inashuka. Hakupendezwa, akaenda kwa Fundi. Fundi akamrudishia jibu lilelile, akafungua daftari, akaandika, akamgeuzia atie sahihi. Yule bwana alitia huku akicheka puani.

Jioni nilisoma ule ukurasa kichwa chini. Kushoto, mwenye gari anasema tundu la gesi linaleta vumbi, anataka lifunikwe. Kulia, gari inasema tundu ni la kutolea gesi, lisifunikwe kamwe. Na chini, kwenye Mkono wa, kulikuwa na majina yangu matatu, yale ya kilio, yameandikwa yote kwa herufi kubwa, kwamba mshonaji huyu amekataa kufunika na amemwambia mwenye gari hatari yake.

Mtu mwingine angefurahi kusifiwa. Mimi niliona jina langu likienda mjini ndani ya bahasha nyeupe, na pacha wake wa manjano akingoja droo ifunguliwe na askari. Nilimfuata Fundi nikamwomba alifute. Akasema haifutwi, sahihi imeshatiwa. Kesho yake mchana, droo ikiwa wazi na yeye yuko chini ya gari, nikaunyofoa ule ukurasa wa manjano, nikaukunja ndani ya sidiria. Wala sikuuchoma. Mshonaji hatupi kipande. Niliushonea ndani ya mto wangu wa kulalia Greyville, nikaulalia.

Wiki hazikuisha mbili, gari lile likashika moto kwenye kambi ya milimani. Asubuhi bibi aliwasha jiko la chai na sakafu nzima ikalipuka bluu. Walitoka hai, Mungu mkubwa, lakini mikono yake bibi iliungua yote miwili. Bahasha nyeupe iliteketea na nusu ya gari. Chini ya mtungi walikuta kipande cha zulia langu, masalio niliyoyaacha ndani ili wawe na cha kuzibia likichanika. Yule bwana alikikata mwenyewe akaziba. Kwa mtu wa bima alisema wamekiweka watu wa yadi.

Walikuja wote pamoja, bwana, mtu wa bima na bosi, wakasimama mbele ya meza ya Fundi wakitaka ukurasa. Nilikuwa mlangoni pa chumba changu nikibandika upindo, pini tano mdomoni. Fundi alifungua daftari. Alipofika pale, alipitisha kidole gumba juu ya kishina cha karatasi iliyochanika, polepole, kama anavyopima unene wa kamba ya breki. Akalifunga. Bosi akauliza ni nani aliyeshika zulia la gari hili, ingawa alijua. Fundi alitazama chini, sijui viatu vya nani.

"Daftari ni yangu," alisema kwa Kiingereza. "Ukurasa ukipotea, nimeupoteza mimi. Na gari lilipita mkononi mwangu mwisho, mimi ndiye nililikagua."

Nilikuwa na pini mdomoni. Miaka hii yote nimejiambia hivyo, kwamba ningesema kama si pini. Pini hutemwa.

Alifukuzwa siku ileile. Bosi alikuwa na kinyongo cha zile tarehe za nyuma na sasa alipata sababu. Fundi alibeba sanduku lake la zana, akaweka daftari juu yake, akaaga kila mtu kwa mkono. Nami akanipa mkono. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, ameondoka kirahisi mno. Mtu asiyepigania kazi yake ana jambo anaficha, au ananiwekea akiba, atakuja siku moja kunidai kitu. Nilibadili njia ya kwenda kupanda teksi. Nikiona kofia inayofanana na yake kwenye robot, zile taa za barabarani, nilivuka upande wa pili. Hakuja. Miezi ikapita minane, na kutokuja kwake kukanitia shaka zaidi.

Ni mama mmoja Mkongomani wa saluni ya Greyville aliyenifungua masikio, ananisuka, anazungumza na vichwa vingine viwili, hata hajui anazungumza na mimi. "Ule papa ni fundi ya kweli," alisema. "Alifika Westville, alifika na hapa, kila garage banamukatalia. Banasema alipoteza kartasi, bibi ya watu akaungua. Kartasi moja tu, eish." Akaniambia niinamishe kichwa. Niliinamisha. Machozi yakadondokea khanga yangu na yeye akadhani anavuta sana, akaomba radhi.

Niliumia. Sitaki kulipamba neno hilo. Nilifumua mto Jumapili ile baada ya adhuhuri, uzi mmoja mmoja, maana hata siku ile mkono wangu ulikataa kuchana.

Nilimkuta pale aliponielekeza mama wa saluni, kwenye uwanja wa magari nyuma ya fleti, upande wa ukuta wa mbio za farasi, chini ya teksi ya mtu. Kilichoonekana ni miguu tu. Nami nikajikuta, kabla ya kusalimia, naangalia viatu vyake. Kisigino cha kulia kilifungwa waya.

"Fundi," nikasema.

"Mama wa mapazia." Alijibu kabla hajatoka. Alinijua kwa sauti, au kwa viatu.

Nilimpa karatasi bila maelezo. Alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akaipokea kwa ncha, akaisoma mbele na nyuma. Akasema, "Iko nzima." Nikamwambia niliichana mimi, niliificha kwenye mto, nilikuwepo siku ile walipokuja na nikanyamaza. Niliyasema haraka nisije nikarudi nyuma.

"Najua," akasema.

Alifungua sanduku la zana akatoa daftari, akanifungulia ukurasa uliofuata kile kishina. Chini kabisa, mistari mitatu. Tarehe ilikuwa ya siku moja baada ya mimi kunyofoa, gari lile bado linatembea, bibi bado ana mikono yake. Ilisema: Kartasi ya mbele ya hii imepasuliwa. Mukono naujua. Jina siandike, ju mwenyewe hapendi.

"Kwa nini hukuwaambia?" nilimuuliza, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayegomba.

"Jina ulinipa ju ya kilio," alisema. "Miye nikaitumia ju ya kazi. Kosa ya kwanza ni yangu." Akatazama karatasi tena. "Kesho nitaipeleka Mobeni kwa patron. Ataona jina. Ataona na nani aliificha. Kazi yako itakwisha, pengine ataita na polisi." Akanyoosha mkono, karatasi ikawa katikati yetu. "Unaweza kuirudisha mu mto. Sitasema kitu."

Nilitafuta mtego katika maneno yale. Ndivyo nilivyo, nilitafuta kama ninavyopapasa godoro kutafuta sindano iliyopotea. Nilimtazama usoni, mikono, kile kisigino. Hapakuwa na mtego. Nikamwambia aipeleke.

Akaweka daftari juu ya boneti ya teksi, akachagua ukurasa mpya, akatia kaboni, akapiga mstari katikati kwa rula. Aliandika tarehe ya siku ile ile tuliyosimama, si ya nyuma. Kwamba ukurasa uliopasuliwa umerudi, mzima. Alipofika chini alisimamisha kalamu.

"Jina?"

"Si unalijua."

"Najua ya kilio. Sasa nauliza ya kazi."

Upande wa pili wa ukuta farasi walikuwa wakitembezwa, nilisikia kwato. Nikasema, "Mwanaidi Kassim Mbwana." Aliandika kwa herufi kubwa. Nilijipenyeza nione kama amelipatia, naye akaligeuza daftari nisome vizuri, nikatia sahihi. Kisha akaweka rula, akaichana ile nyeupe ya juu kwa unyoofu, akaikunja mara mbili akanipa.

"Hii njo yako," alisema. "Hii unaweza kupasula."